Sukari gani ndani ya kikombe? Somo juu ya sukari, sukari guru na asali katika chai na kahawa ya nyumbani



Mara nyingi katika gazeti hili tunazungumza juu ya shamba: kukata matawi, kutengeneza mbolea ya kuoza, kuchuma kahawa iliyoiva. Leo tunaingia jikoni. Kuna kitu ambacho karibu kila nyumba inanunua sokoni kila juma, na ni wachache wanaokipima: sukari ya chai na ya kahawa.

Somo hili lilianzia kwa mama mmoja memba, upande wa Kalehe, kwenye kilima kinachotazama ziwa Kivu. Tulifika kwake asubuhi kuangalia mashimo ya miche. Yeye, kama mama yeyote wa kwetu, hakutaka tuondoke hivi hivi. Alileta termosi ya kahawa ya shamba lake mwenyewe, aliyoikaanga na kuitwanga kwa mkono, na alikuwa ameshatia sukari ndani. Ilikuwa tamu kama soda. Tuliomba atupikie kikombe kimoja bila sukari, ili tuonje kahawa yenyewe. Alikataa:

— Mugeni hawezi kunywa kahawa bila sukari hapa kwangu. Watu watasema tumekosa.

Tulimweleza kwamba wanaonja kahawa kazini, wale wanaotoa alama kabla ya mnunuzi kusema bei, hawatii sukari hata kidogo. Basi alipika, nasi tukamwomba aonje wa kwanza. Alionja, akanyamaza, akaonja tena.

— Hii njo kahawa yetu? Inasikilika kiazi kibichi!

Mama huyu analima kahawa tangu alipoolewa. Kila siku anaikunywa, vijiko vitatu kwa kikombe. Na ladha ya kahawa yake hakuijua. Kumbe sukari ilimfanyia mambo mawili: ilikuwa inakula makuta yake, na ilikuwa inamficha habari za shamba lake.

Mwisho wa somo hili mutaweza: kutofautisha sukari zinazopatikana kwetu, kuhesabu sukari ya nyumba kwa mwezi, kupika chai na kahawa isiyoomba sukari nyingi, na kujua nani hapaswi kupewa nini.

1. SUKARI ZINAZOPATIKANA KWETU

Sukari nyeupe. Inatoka kwenye miwa (nchi nyingine wanaitoa kwenye kiazi sukari). Kiwandani maji ya muwa yanasafishwa, yanapikwa mpaka chembe zinatokea, halafu ile asali nyeusi ya muwa inatenganishwa na chembe. Kinachobaki ni karibu utamu mtupu, unaoitwa sakarozi. Haina harufu yake yenyewe, ndiyo sababu haibadilishi ladha ya chai, inaongeza utamu tu. Wazee wa bonde la Ruzizi wanakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilichosimama wakati wa vita ya 1996. Sukari nyingi tunayokuta kwenye masoko ya Kivu inatoka mbali, na kila kilo inabeba bei ya safari yake.

Sukari ya rangi, ile ya kahawia. Ni sukari ile ile, lakini imebakiwa na kiasi kidogo cha asali nyeusi ya muwa, au imerudishiwa baadaye. Ina harufu kidogo. Watu wengine wanaamini kwamba hii haina madhara. Si kweli: mwili unaipokea karibu sawa na nyeupe.

Sukari guru. Hii inaweza kutengenezwa kijijini. Miwa inakamuliwa, maji yake yanachujwa, yanachemshwa kwenye sufuria pana huku povu linaondolewa, mpaka yanakuwa mazito. Halafu yanamwagwa kwenye vibao au vikopo yakauke. Asali nyeusi haikutolewa, kwa hiyo ina rangi nzito, harufu ya muwa na chumvi kidogo za udongo. Kwa kawaida kilo 10 za miwa hutoa karibu kilo 1 ya sukari guru. Inakula kuni nyingi. Wanaotaka kujaribu watumie kwanza makapi ya miwa yaliyokaushwa.

Asali. Nyuki wamekwisha kufanya kazi ya kiwanda. Katika gramu 100 za asali nzuri, karibu gramu 80 ni sukari, na gramu 17 au 18 ni maji. Lakini sukari yake nyingi si sakarozi: ni fruktozi na glukozi. Fruktozi ina tabia moja ambayo wapishi wanaijua kwa ulimi: ikiwa baridi ni tamu sana, ikiwa moto utamu wake unapungua. Ndiyo maana mtu anaweka asali ndani ya chai inayochemka, anaona haikolei, anaongeza. Chai ikipoa kidogo, anashangaa imekuwa tamu kupita kiasi.

2. KIJIKO CHAKO KINA GRAMU NGAPI?

Chukua kijiko cha chai, jaza sukari nyeupe, halafu pitisha kisu juu ili kiwe sawa. Hapo una karibu gramu 4. Kijiko kile kile kikijazwa kama kilima kinaweza kufika gramu 6 au zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema «natia viwili tu» anaweza kuwa anatia vitatu bila kujua.

Kijiko kimoja cha asali kina karibu gramu 7, juu ya asali ni nzito. Ndani yake kuna sukari karibu gramu 5 na nusu. Mumeona? Kijiko cha asali kina sukari zaidi kuliko kijiko cha sukari nyeupe kilichosawazishwa. Asali ni chakula kizuri, lakini si kibali cha kujaza kijiko.

Sasa tuhesabu nyumba moja. Watu saba, chai asubuhi na jioni, vijiko viwili vilivyosawazishwa kwa kikombe:

– watu 7 × vikombe 2 × vijiko 2 × gramu 4 = gramu 112 kwa siku;
– gramu 112 × siku 30 = gramu 3 360, ni kusema zaidi ya kilo 3 kwa mwezi.

Kama vijiko ni vya kilima, vya gramu 6, hesabu inapanda mpaka kilo 5 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kilo moja kwenye soko lako, halafu zidisha kwa miezi 12. Andika ile namba kwenye daftari, kando ya namba ya minerval ya watoto. Hatuseme muache chai. Tunasema: nyumba ikitoka vijiko viwili vilivyosawazishwa mpaka kimoja, kwa mwaka inabakisha karibu kilo 20 za sukari ambazo haikununua.

Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa ushauri katika mwaka 2015: kwa mtu mzima anayekula chakula cha kawaida, sukari ya kuongezwa isipite karibu gramu 50 kwa siku, na ni vizuri zaidi ikibaki chini ya gramu 25, ni kusema vijiko 6 vilivyosawazishwa. Asali inahesabiwa humo. Biskuti, soda na ndazi pia vinahesabiwa humo. Mtoto chakula chake ni kidogo, basi na kipimo chake ni kidogo.

3. KWA NINI KIKOMBE KINAOMBA SUKARI NYINGI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mara nyingi tunatia sukari kufukuza uchungu kuliko kutafuta utamu. Basi tuanze kwa kutafuta uchungu unatoka wapi.

Chai iliyopikwa kupita kiasi. Majani yakichemka dakika kumi na tano juu ya moto, yanatoa ukakasi mwingi, ule unaokausha ulimi. Chemsha maji kwanza, ondoa kwenye moto, tia majani, funika dakika 3 mpaka 5, chuja. Rangi itakuwa nyekundu safi, si nyeusi. Kama unapika na maziwa, kumbuka kwamba maziwa yenyewe yana utamu wake.

Kahawa iliyoungua. Wengi wanakaanga mpaka mbegu inakuwa makaa na mafuta yanatoka nje. Hiyo ni ladha ya moshi. Geuza bila kuacha, moto wa wastani, na uondoe mbegu zikifika rangi ya kahawia iliyokolea, muda kidogo baada ya kusikia zikipasuka. Zimwage mara moja kwenye ungo zipoe, juu ya joto la ndani linaendelea kuzikaanga.

Kahawa iliyochemshwa muda mrefu. Usiache unga uchemke juu ya jiko. Kipimo cha kuanzia ni gramu 55 za unga kwa litri moja ya maji. Pima mara moja kwenye mizani ya koperative, weka alama kwenye kikopo, na toka siku hiyo kikopo ndicho mizani yako. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, mwaga juu ya unga, ngoja dakika 4, chuja.

Kahawa yenye kosa toka shambani. Mbegu ya arabika mbichi ina sukari yake: katika gramu 100 za mbegu kavu, sakarozi ni karibu gramu 6 mpaka 9. Nyingi inabadilika wakati wa kukaanga na kuleta harufu nzuri na ile rangi. Lakini sukari hiyo inajaa wakati tunda linaiva. Ukichuma mbichi, umekata safari katikati: kikombe kinakuwa na ukakasi na ladha ya majani, na kijiko cha sokoni kinakuja kulipa deni la mikono iliyochuma haraka.

Na ile ladha ya kiazi kibichi? Inajulikana sana katika kahawa ya nchi zetu za Maziwa Makuu. Inahusiana na mdudu antestia, yule mwenye mgongo wa mabaka meusi na ya machungwa, anayetoboa matunda ya kahawa. Haileti ugonjwa kwa mnywaji, lakini mbegu chache tu zinaharibu kikombe kizima, na mnunuzi akiipata anashusha bei au anakataa mzigo.

Sasa fikirini. Kahawa nzuri inaenda kwenye kituo cha kuosha. Ile iliyoelea juu ya maji, iliyotobolewa, iliyovunjika, ndiyo inayobaki nyumbani, na tunaizoea kwa vijiko vitatu. Onyo moja: kahawa inayonuka ukungu musiinywe, hata na sukari. Sumu ya ukungu inaweza kubaki hata baada ya kukaanga.

4. KILA SUKARI NA KAZI YAKE

Sukari nyeupe inafaa pale hutaki harufu nyingine: chai ya rangi isiyo kali, au kahawa nzuri ambayo mtu anataka kuipunguzia uchali kidogo. Tia kidogo, koroga mpaka iyeyuke, onja, ndipo uongeze. Watu wengi hawakorogi vizuri. Sukari inalala chini ya kikombe na inamwagwa na masimbi.

Sukari guru inapendana na tangawizi, na kahawa nzito, na chai ya maziwa. Lakini angalia: inaweza kuwa na uchachu kidogo, na ikichemshwa pamoja na maziwa yanaweza kukatika. Ondoa sufuria kwenye moto kwanza, ndipo uitie. Iponde au ikwangue na kisu ili uweze kuipima kwa kijiko. Ihifadhi kwenye chombo kinachofungwa vizuri, juu ya inavuta unyevu na inaota ukungu haraka wakati wa mvua.

Asali inafaa chai ya mchaichai, tangawizi au limau. Ngoja kikombe kipoe mpaka unaweza kukinywa bila kupuliza, ndipo utie. Moto mkali unaondoa harufu ya maua, na hiyo ndiyo uliyolipia. Asali ikiganda na kuwa na chembe haijaharibika, wala si lazima iwe imechanganywa. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Lakini ikitoa povu na kunuka pombe, ilikuwa na maji mengi: ilivunwa kabla nyuki hawajafunika masega. Nunua kwa mvuna asali unayemjua.

Memba wengine wanatuuliza: je, niuzishe asali na ninunue sukari? Hesabu inajibu. Kama bei ya kilo ya asali ni mara mbili au tatu ya bei ya sukari, uzisha sehemu kubwa, bakisha chupa ya nyumba, na punguza vijiko.

Kwa kupunguza, musikate mara moja. Ulimi unajifunza polepole. Punguza nusu kijiko, kaa juma mbili, punguza tena. Tangawizi na mchaichai vinasaidia, na vinaota nyuma ya nyumba.

5. WATOTO NA WAGONJWA

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja ASIPEWE asali, hata tone, hata ndani ya chai, uji au maji ya moto. Asali inaweza kubeba mbegu ndogo za kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga, mpaka kupumua kunakuwa shida. Kuchemsha jikoni hakuziui. Bibi zetu walilambisha watoto asali kwa upendo. Sisi tumejua, basi tuache. Mpaka miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake.

Watoto wadogo wasipewe chai ya majani wala kahawa kama kinywaji cha kila siku. Chai inazuia mwili kupokea vizuri madini ya chuma yaliyo katika maharagi na mboga. Wamama wajawazito pia wanywe chai mbali na chakula, saa moja kabla au baada.

Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganywe kwamba asali au sukari guru ni dawa yake. Zote zinapandisha sukari ya damu. Afuate maneno ya muganga wa kituo cha afya.

6. ZOEZI LA KIKUNDI

Fanyeni kwenye mkutano ujao wa koperative. Linaomba saa moja tu.

– Leteni aina mbili za kahawa: ile inayoenda sokoni, na ile inayobaki nyumbani. Kaangeni sawa, twangeni sawa, pikeni kwa kipimo kimoja.
– Onjeni zote mbili bila sukari. Kila mtu aandike au aseme neno moja juu ya kila kikombe kabla ya kusikia ya mwenzake.
– Kisha chukueni kahawa nzuri, mugawe katika vikombe vinne vilivyo sawa. Cha kwanza bila kitu, cha pili gramu 4 za sukari nyeupe, cha tatu gramu 4 za sukari guru, cha nne gramu 5 za asali.
– Onjeni kikiwa moto, halafu mungoje dakika kumi na muonje tena. Kikombe gani kimebadilika?
– Mwisho, tieni vijiko vitatu ndani ya ile kahawa mbaya. Muone kosa linavyofichika.

Maswali ya kuzungumza:
1. Nyumba yako inanunua kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Nani anajua ile hesabu?
2. Kosa gani mulilisikia katika kikombe, na linatoka hatua gani: kuchuma, kuosha, kukausha, au kukaanga?
3. Katika kijiji chetu kuna miwa au mizinga ambayo mazao yake hayapati bei nzuri?

YA KUKUMBUKA

– Sukari zote ni sukari. Zinatofautiana kwa harufu, bei na mahali zilipotoka.
– Sawazisha kijiko, hesabu mwezi.
– Ondoa uchungu kwanza, ndipo uongeze utamu.
– Onja kahawa yako bila sukari walau mara moja kila msimu.
– Asali si ya mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Tumalizie na mama wa Kalehe. Juma lililofuata tulipanda naye shambani na shuka nyeupe. Tuliitandaza chini ya miti, tukatikisa matawi. Kwenye miti iliyo karibu na nyumba, ambayo ilikuwa imejaa matawi bila kukatwa, antestia walianguka wengi. Kwenye ile iliyokatwa vizuri, wachache. Aliwaokota mwenyewe, akawaua, na kesho yake akaanza kupogoa.

Tulipopita tena kwake, termosi ilikuja bila sukari. Kando yake palikuwa na bakuli lenye kijiko. Alitueleza kwamba wageni bado wana heshima yao: kila mmoja anatia anachotaka, lakini sharti aonje kwanza.

Kazi njema, na mutuandikie mulichokisikia katika vikombe vyenu.